Kuhamia Dodoma: Mwongozo wa Kushukuru, Kuabudu na Kula Vizuri Katika Mji Usiouzoea

Tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba serikali yote itahamia Dodoma, na hivyo kuufufua uamuzi uliokuwa umesubiri utekelezaji tangu mwaka 1973, maelfu ya watumishi wa umma wameufuata mji huu pamoja na wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi. Wengi wao hawakuuchagua. Waliletwa na barua ya uhamisho, wakaja na godoro, jiko la gesi na masanduku mawili, huku mwenzi akibaki kazini Dar es Salaam na watoto wakiwa katikati ya muhula wa shule. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na zaidi kwa mtu wa pwani kama mimi, kwa sababu ndiye anayeiona tofauti kubwa kuliko wote: ameacha bahari, unyevu wa hewa, nazi na samaki wa asubuhi, akafikia nyanda kavu zilizo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, yapata Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 700 kwa mwaka mzima.

Shukrani, imani na chakula ni mambo ambayo watu wengi huyatenga, kila moja likawa na mshauri wake. Katika mji mgeni, hata hivyo, nayaona yote matatu yakiingia kwa mlango mmoja, nao ni kalenda ya mahali. Mtumishi aliyehamia huishi kwa kalenda ya mshahara: tarehe ya malipo, Ijumaa ya kurudi Dar, likizo ya Desemba. Mwenyeji wa Dodoma huishi kwa kalenda ya mvua. Anajua mvua za kwanza zitaleta mboga zipi, zabibu huiva lini, mtama huvunwa lini, na ni miezi gani ambayo hakuna jani bichi la bei nafuu sokoni. Anayeingia katika kalenda hiyo hupata cha kushukuru chenye jina, hupata watu wa kusali nao, na hupata chakula kizuri kwa bei anayoimudu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiandika kalenda hiyo na kuibandika jikoni. Mtafute jirani mtu mzima, mama anayeuza mboga au mzee wa mtaa, umwombe akusaidie kuijaza mwezi kwa mwezi. Itasomeka takriban hivi: mvua za Desemba na kilimo, majani mabichi ya mlenda, kunde na maboga kuanzia Januari, zabibu za Februari na Machi, karanga, mtama na uwele kuanzia Mei, baridi ya usiku na upepo wa Juni na Julai, zabibu tena Agosti na Septemba, kwa kuwa mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, kisha joto na vumbi la Oktoba, watu wakitazama mawingu. Mazungumzo ya kuijaza kalenda yana faida kuliko karatasi yenyewe, maana yanakupa sababu ya heshima ya kubisha hodi kwa mtu usiyemjua.

Kaa mji mmoja kwanza

Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeifupisha safari iliyokuwa ikichukua karibu kutwa nzima kwa basi hadi kuwa ya saa tatu au nne. Ni neema, na sisemi isitumike. Lakini imezaa aina mpya ya mtu, ambaye hulala Dodoma kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi na kuishi Dar kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na ambaye baada ya miaka miwili bado hajui jina la mtu anayepanga nyumba ya upande wa pili wa ukuta. Mtu huyo ana nauli ya kulipa kila wiki, jokofu tupu katika nyumba zote mbili, na nyumba mbili za ibada ambazo hakuna hata moja inayomtegemea kwa lolote. Ikiwa huna mtoto mdogo wala mgonjwa wa kumhudumia kule ulikotoka, nakushauri miezi miwili au mitatu ya mwanzo ubaki Dodoma mwishoni mwa wiki. Ikiwa una familia Dar, panga zamu: mwisho wa wiki mmoja uende wewe, unaofuata waje wao, ili na watoto waanze kuwa na kumbukumbu za mahali ambapo mzazi wao anaishi.

Katika siku hizo za mwanzo nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, jambo ambalo watu wa mijini wameliacha na bado lina maana kubwa hapa. Salimia kwa “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, hata kama matamshi yako yatawachekesha Wagogo, wenyeji wa hapa. Kicheko hicho hakina ubaya, na mara nyingi ndicho kinachofungua maongezi.

Sasa kuhusu shukrani yenyewe. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao ndani yake kundi moja la watu liliandika kila wiki mambo machache wanayoyashukuru, kundi jingine likaandika kero zao, na la tatu likaandika matukio ya kawaida tu. Waliohesabu neema waliyatazama maisha yao kwa moyo mweupe zaidi kuliko waliohesabu kero. Ninachokipenda katika utaratibu ule ni kwamba ulikuwa wa wiki kwa wiki, kwani anayejilazimisha kushukuru kila usiku hufikia mahali anapoandika “afya, uhai, familia” bila kufikiri, na maneno hayo hayambadilishi.

Chagua siku moja ya juma, uandike mambo manne au matano yaliyotokea hapa Dodoma, kila moja likiwa na mtu, mahali au kitu kinachotajika: fundi wa Nkuhungu aliyerudi kumalizia kazi bila kudai nyongeza, mama wa genge la Ilazo aliyekuongezea fungu la mboga, usiku wa Juni usiohitaji feni, baada ya miaka ya kulala kwa jasho Temeke. Kisha mwishoni mwa juma mwendee mmoja kati ya wale uliowaandika na umwambie asante kwa jambo lenyewe, si kwa ujumla. Utaona kwamba miezi ya mwanzo orodha ni ngumu kujaza. Hilo ni la kawaida, na halimaanishi kwamba wewe ni mtu asiye na shukrani. Kushukuru hakukulazimishi kusema kwamba hujapoteza kitu. Mtu anaweza kuikumbuka bahari kwa uchungu asubuhi na jioni akafurahia zabibu alizonunua kando ya barabara, na vyote viwili vikawa kweli.

Nyumba ya ibada ya karibu, hata kama si bora

Maandiko ya dini zetu mbili kubwa yanamjua mtu aliyehamishwa. Katika Biblia, sura ya 29 ya Yeremia ni barua kwa watu waliopelekwa Babeli bila kutaka, nayo inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, na wauombee amani mji ule waliomo. Katika Qurani, Sura Ibrahim aya ya 37, Nabii Ibrahim anamwomba Mola baada ya kuiweka sehemu ya dhuria yake katika bonde lisilo na mimea, kwamba mioyo ya watu iwaelekee na kwamba waruzukiwe matunda ili wapate kushukuru. Mtu aliyefikia Dodoma mwezi Oktoba, ardhi ikiwa imepauka na mibuyu haina jani, hahitaji kuelezwa sana maana ya bonde lisilo na mimea. Na angalieni jinsi maandiko yote mawili yanavyoweka ibada, chakula na mahali katika pumzi moja.

Kwa vitendo, kosa linaloonekana zaidi ni kutafuta nakala ya kanisa au msikiti ulioachwa. Mtu huzunguka Jumapili nne katika makanisa manne, kila moja akalikuta na kasoro, kisha akaishia kutazama ibada ya kanisa lake la zamani kwa simu akiwa kitandani. Ibada ya simu ni msaada kwa mgonjwa na kwa msafiri. Kwa mtu mwenye afya aliyehamia mji mpya inakuwa njia ya kutokuhamia. Chagua nyumba ya ibada unayoweza kuifikia kwa miguu au kwa bajaji ya mara moja, hata kama kwaya yake haifikii ile uliyoizoea.

Kwa Mkatoliki, hatua ni rahisi kwa sababu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele katika miaka ya 1970. Chukua cheti chako cha ubatizo na barua ya utambulisho kutoka parokia uliyotoka, uulize katika ofisi ya parokia jumuiya ya mtaa wako inasali nyumba gani na siku gani, kisha nenda. Utakuwa umefahamiana na nyumba kumi au zaidi kabla hata ya Jumapili. Kwa Mwanglikana, Mlutheri na wengine, barua ya uhamisho hufanya kazi ileile, na ni vyema kuiomba kabla ya kuondoka badala ya kuifuatilia kwa simu baadaye. Jiunge na kazi na si ibada tu: kwaya, usafi, ziara za wagonjwa. Mgeni mwenye kazi huzoeleka upesi kuliko mgeni mwenye kiti.

Muislamu anayetoka pwani anapaswa kubadili jambo dogo lenye uzito mkubwa, nalo ni ratiba ya swala. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi tatu na nusu za longitudo, na kwa hiyo jua huzama huku takriban dakika 14 baadaye. Anayefungua saumu kwa adhana ya redio ya Dar, au kwa programu ya simu ambayo bado imewekwa kwenye mji wa zamani, atakuwa anafuturu jua lingali juu. Sahihisha mpangilio wa simu siku ile ile unayofika. Kwa swala ya Ijumaa unaweza kwenda Msikiti wa Gaddafi, ambao ni miongoni mwa misikiti mikubwa nchini, lakini swala za kila siku na darsa zitafute katika msikiti wa mtaa, kwa kuwa katika umati mkubwa ni vigumu mtu kugundua kwamba hukuonekana kwa wiki nzima. Ramadhani peleka sahani ya futari msikitini hata kama unaishi peke yako. Tende chache na uji wa kutosha watu wawili vinatosha kuanza.

Kalenda ya mahali inarudi hapa pia. Katika makanisa mengi kuna ibada ya mavuno, ambapo waumini huleta mtama, karanga, kuku na maboga madhabahuni, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa. Usiende na bahasha peke yake. Nunua kitu mnadani, kipeleke nyumbani ukakipike, na utakuwa umeshiriki mwaka wa wakulima wanaokulisha. Mvua zinapochelewa, Waislamu huswali swala ya kuomba mvua na Wakristo huombea mvua kwa namna yao. Mtumishi anayelipwa mshahara mvua inyeshe isinyeshe ana haja ya kusimama katika safu hizo kuliko anavyodhani.

Kula cha mahali

Anayehamia peke yake huwa na mlo unaotabirika: chai na maandazi ofisini, wali nyama kwa mama lishe mchana, chipsi mayai usiku, soda njiani. Mwisho wa wiki ni nyama choma na kinywaji. Si chakula kibaya kwa siku moja, lakini kikiwa cha mwaka mzima huleta uzito, kiungulia na shinikizo la damu, na pesa huisha bila mtu kujua zilikokwenda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku na asizidishe gramu 5 za chumvi. Mlo niliouelezea hapo juu unakosa la kwanza na unavunja la pili.

Anza sokoni. Soko la Majengo, Soko la Sabasaba na Soko la Job Ndugai lililoko Nzuguni yana karibu kila kitu, lakini mgeni wa pwani huenda moja kwa moja kwenye nazi na samaki, akakuta bei zimepanda mlima pamoja na gari lililovileta, akarudi nyumbani amenuna. Nenda kwanza kwenye kile ambacho mkoa huu unakitoa wenyewe: mtama, uwele, karanga, njugu mawe, choroko, alizeti, mlenda, zabibu, ubuyu, ukwaju, kuku wa kienyeji na nyama ya mbuzi. Pale mapishi yako yanapodai tui la nazi, jaribu karanga zilizosagwa laini. Mchicha wa karanga na kunde za karanga hazihitaji kuombewa msamaha mbele ya mchicha wa nazi. Kwa samaki, ulizia perege wanaovuliwa katika bwawa la Mtera, lililoko kwenye barabara ya Iringa, na weka akiba ya dagaa wakavu, ambao huliwa na mifupa yao na hivyo hutoa madini ya chokaa kwa bei ndogo.

Kuhusu ugali, watu wengi waliokulia kwenye sembe nyeupe huukunjia uso ugali wa uwele kwa rangi yake. Subirini kidogo. Sembe imeondolewa kiini na ganda, na pamoja navyo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini. Uwele na mtama husagwa mara nyingi vikiwa vizima, na uwele una madini ya chuma kuliko mahindi. Anza kwa kuchanganya robo ya unga wa uwele na robo tatu za dona, uongeze kadiri mdomo unavyozoea. Kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka hayafyonzwi kwa urahisi, kula pamoja na kitu chenye vitamini C kama juisi ya ubuyu isiyojazwa sukari, limau au nyanya mbichi, na chai iache mpaka saa moja au mbili baada ya kula, kwani huzuia ufyonzwaji huo. Ushauri huu wa chai hupokewa vibaya pwani na bara pia, lakini ni wa kweli.

Ugali huo mwenzake ni mlenda. Mlenda mbichi wa msimu wa mvua huoshwa, hukatwa na kuchemshwa kwa muda mfupi katika maji kidogo, kisha huongezwa nyanya, kitunguu na karanga za kusaga. Wapishi wengi hutia magadi ili uteleze na uive upesi. Yatie kidogo sana au uyaache kabisa, hasa kama una shinikizo la damu, kwa sababu magadi huongeza sodiamu na huharibu baadhi ya vitamini. Mlenda mkavu uliotwangwa huuzwa mwaka mzima, nao ndio unaokuokoa Septemba na Oktoba. Mwisho wa mvua unaweza kukausha mwenyewe majani ya kunde na mlenda: yatandaze kivulini penye upepo badala ya jua kali, ambalo huharibu vitamini A, na yakishakauka hadi kuvunjika mkononi yahifadhi katika chombo chenye mfuniko.

Jambo moja haliruhusu uzembe, nalo ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa mkoani Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo, inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu au zilizoharibiwa na wadudu. Kupika hakuiondoi. Nunua karanga na mahindi ambayo hayajasagwa, uyachambue kwa macho yako, utupe punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na usiwape kuku hizo ulizotupa. Karanga zilizosagwa tayari na kuuzwa bila kujulikana zilitoka wapi, mimi huziacha.

Maji nayo yanataka mazoea mapya. Hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo mtu wa pwani hudhani hajatoka jasho na husahau kunywa, kisha jioni anapata maumivu ya kichwa na kuyaita uchovu wa kazi. Weka chupa mezani na uinywe bila kungoja kiu. Maji ya visima katika sehemu nyingi za mji yana ladha ya chumvi. Yachemshe kwa ajili ya usalama, na kama ladha inakushinda tia kipande cha limau badala ya kuhamia kwenye soda.

Kwa anayeishi peke yake, pika mara mbili kwa juma, sufuria ya kunde au choroko na sufuria ya mboga, uhifadhi kwa vipimo vya mlo mmoja. Na mara moja kwa juma pika kwa ajili ya watu wawili, hata kama hujui wa pili atakuwa nani. Peleka sahani kwa jirani. Kwa desturi zetu sahani hairudi tupu, na kitakachorudi ndani yake, pengine mlenda, pengine njugu mawe za kuchemsha, kitakufundisha mapishi ya Dodoma kuliko ninavyoweza kuyaandika.

Kama huzuni haiondoki

Upweke wa miezi ya mwanzo ni wa kawaida. Lakini kama wiki zinapita huwezi kulala, chakula hakikutamanishi kabisa, ibada imekuwa mzigo, au unapata mawazo kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, hilo limevuka mambo ya kalenda na mboga. Dodoma ndipo ilipo Hospitali ya Mirembe, inayotibu magonjwa ya akili, na kwa sababu jina hilo limekuwa likitumiwa katika utani nchi nzima kwa vizazi, wapo wanaoumia kimya wakiwa kilomita chache tu kutoka kwa wataalamu wanaoweza kuwatibu. Ukiona aibu kwenda huko, anzia katika kituo chochote cha afya na umweleze daktari mambo manne: umehamia lini, usingizi ukoje, hamu ya kula ikoje, na kama umewahi kufikiria kujidhuru. Mwambie pia kiongozi wako wa dini au mtu mmoja wa jumuiya yako, ili awepo wa kukusindikiza siku ya miadi.